Nakala kwa Respicius

Kila alipoingia saluni kwa Libérate, Respicius alianza na mimi. "Shikamoo, mzee!" Aliisema kwa sauti ya padri, hata mama aliyefunikwa kichwa na mashine ya kukausha nywele akasikia. Kwetu Uvira, Kongo, hatuna mambo hayo. Mtu anasema jambo, anajibiwa jambo, anapita. Lakini Mtanzania anajua anachofanya. Ukimpa mwanaume shikamoo mbele ya mwanamke, umemwongezea miaka kumi na wewe umejipunguzia kumi. Na lazima aitikie, maana asipoitikia ataonekana mzee na tena mwenye roho mbaya.

"Marahaba," nilijibu. Kila siku.

Nieleze watu kwanza. Libérate alikuwa mjane wa Kirundi, mpole wa sauti, mkali wa macho. Saluni yake ilikuwa kwenye korido ya jengo moja karibu na Point Road, si mbali na bandari ya Durban. Alisuka, alinyoa, na kwenye kona aliweka simu ambayo watu walipigiwa kutoka kwao. Mbele ya simu palikuwa na benchi. Cathy, msichana wa Bukavu, alimsaidia kusuka, na mdomo wake ulikwenda kasi kuliko vidole. Respicius alikuwa Mhaya wa Bukoba, mtu wa arobaini na kitu, karani wa makontena bandarini, mwenye viatu vinavyong'aa hata siku ya mvua. Mimi ni Salvator. Nilitunza nyumba moja kuukuu kule Glenwood ambako wanafunzi walipanga vyumba: nafagia majani, nazibua mabomba, naamua ugomvi wa jikoni.

Sijawahi kukaa mji mmoja mpaka mti nilioupanda ukanipa kivuli. Nimefanya kazi melini, jikoni na kwenye injini. Nimelala Mombasa, Marsei, Beira, na mahali pengine ambapo sikumbuki hata jina la mtaa. Mji ukianza kuniita kwa jina langu, nafunga mfuko. Durban ilikuwa imeniita zamani, na bado nilikuwapo. Sababu ni huyo Libérate. "Papa Salva, tuambie ya baharini," alikuwa akisema, mikono yake ikiendelea kusuka, nami nasimulia mpaka jioni. Hakuna mji mwingine ulionisikiliza hivyo.

Halafu Respicius akaja akakaa kwenye benchi.

Alisema watoto wake wanampigia kutoka Bukoba, na kwa kuwa hawajui siku watakayopata laini, inambidi angoje kila siku. Mimi nikasema moyoni, hakuna mtu anayengoja simu kwa viatu kama vile.

Siku moja Libérate alituletea chai. Vikombe sawa, sukari sawa. Lakini cha Respicius kilikaa juu ya kisosi. Changu kilikuwa uchi.

"Libérate," nikasema, "hapa iko kitu hakiko sawa."

"Nini tena, Papa Salva?"

"Kisosi."

Cathy akapiga kelele ya kicheko. "Vraiment! Kisosi iko kimoja tu, papa. Kingine kilivunjika Noeli."

"Na hicho kimoja, kwa nini kiende kwake?"

"Mpeni mzee kisosi," Respicius akasema, akakiinua. "Mimi mkono wangu hautetemeki."

Nilikataa kukipokea. Ndipo nikawasimulia habari ya bendera mbili, wajue kwamba kuuliza habari ya kisosi si wazimu. Serikali kubwa zimeuliza vidogo kuliko hicho.

"Zamani," nikasema, "meli iliniacha hospitalini katika visiwa fulani vya Pasifiki, tumbo limepasuliwa. Visiwa vile Mwingereza na Mfaransa walivitawala pamoja, hakuna aliyekuwa mkubwa. Polisi wa aina mbili, sheria mbili, hospitali mbili. Asubuhi bendera mbili zinapandishwa, na mtu anaangalia isije moja ikazidi mwenzake hata kwa shibiri. Mimi nilikuwa na Kifaransa cha shule ya mapadri, kilichokatika darasa la nne, na Kiingereza cha jikoni melini. Nilipopona wakanifanya tarishi. Nabeba barua za huyu kumpelekea yule, nabeba za yule kumletea huyu. Kila barua ina namba, ina aya zenye namba, inaanza 'nina heshima kukuarifu', inaisha 'mimi mtumishi wako mtiifu', hata kama katikati amemwita mwizi. Na chini kabisa: nakala kwa fulani, kwa taarifa. Hukuweza kuchimba choo bila upande wa pili kupata nakala."

Libérate alicheka mpaka kitana kikamwanguka. Lakini alicheka hadithi yangu akimtazama Respicius. Niliona.

"Endelea, endelea," akasema.

"Kulikuwa na kijisiwa, mwamba tu, ndege na minazi michache. Hakuna aliyekuwa na haja nacho. Siku moja Mwingereza akataka kusimamisha taa pale. Karani wake, kwa adabu tu, akatuma nakala upande wa pili, kwa taarifa. Sasa, Mfaransa alikuwa hajui kama mwamba ule upo! Alipopata nakala akafunua ramani. Akasema, ahaa. Akaandika: nina heshima kukuuliza, ni wako tangu lini? Basi tena. Barua zilikwenda na kurudi mpaka nikamaliza soli. Taa haikuwashwa."

"Na wenye minazi?" Libérate akauliza. "Walisema nini?"

"Hawakuandikiwa."

"Hakuna aliyewapa nakala?"

"Nakala zilikuwa za wakubwa."

"Mm," akasema, akarudi kwenye kichwa cha mteja.

Baada ya siku ile mambo yalizidi. Mlango wa saluni ulikuwa unalia, Respicius akaja na grisi ya bandarini, ukanyamaza. Nikaukumbuka ulivyolia. Akaanza kumwita Libe, kama vile jina la mtu ni mkate, unakata kipande unachotaka. Siku nyingine Libérate akipita kwenda kwenye maji aliweka mkono begani kwake ili asianguke. Begani kwangu palikuwa karibu zaidi. Nikifika saa za mchana napapasa benchi kabla ya kukaa. Likiwa na joto, najua alikuwapo. Likiwa baridi, nauliza kwa nini hajaja, na Cathy anasema, "Papa Salva, unamkosa sana huyo Respicius, tumwite?"

Wivu, watu wanauimba kana kwamba ni ugonjwa wa moyo. Si kweli. Ni kazi. Una zamu zake, una vifaa vyake, na likizo hakuna.

Nikaamua kumwandikia Libérate. Kwa mdomo niliweza kusema jambo lolote la dunia hii isipokuwa hilo moja. Katika stoo ya nyumba ya Glenwood kulikuwa na mashine ya kupiga chapa ambayo mpangaji fulani aliiacha. Karatasi ya kaboni nilinunua kwa Mhindi wa Grey Street. Aliitafuta sana chini ya meza, akasema, "Baba, siku hizi watu wana kompyuta." Nikamwambia, mimi sina haraka ya kompyuta, nina haraka ya kuoa. Barua yenyewe ilikuwa hivi:

Kumb. Na. 1/98

Bibi Libérate,

YAH: NDOA

1. Nina heshima kukuarifu kwamba mimi, Salvator, mkaaji wa Glenwood, nimechoka kutembea.

2. Napenda kutembea kwangu kuishie kwako, ikiwa huna pingamizi.

3. Sina mke hapa wala katika bandari nyingine yoyote.

4. Nitashukuru kupata jibu lako.

Mimi mtumishi wako mtiifu,
Salvator

Nakala kwa: Bw. Respicius, Bandarini – kwa taarifa.

Huo mstari wa mwisho, mtu atasema ni mazoea ya utarishi. Mazoea yalikuwapo, sikatai. Lakini kidole kilichogonga zile herufi kilikuwa cha wivu. Nilitaka ajue. Nilitaka asome, akunje mkia, akatafute simu nyingine ya kungojea.

Alhamisi nilimkabidhi Libérate bahasha mkononi. Alifuta mafuta kwenye aproni, akasoma amesimama karibu na dirisha. Kwenye aya ya kwanza uso wake ulilegea. Kwenye ya tatu akacheka kidogo kwa pua. Halafu macho yakafika chini.

"Na huyu wa chini?"

"Ni utaratibu tu."

"Utaratibu." Aliikunja barua taratibu, akaitia kwenye mfuko wa aproni. "Nitakujibu Jumapili, tukitoka misa. Uje na shati lililopigwa pasi, Salvator."

Alisema Salvator. Hakusema papa, hakusema mzee. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyepewa meli.

Nikateremka moja kwa moja mpaka geti la bandari, nikangoja Respicius atoke, nikampa ile ya kaboni, ya rangi ya buluu. Aliisoma pale pale, malori yakitupita. Akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

"Kumbe," akasema. Basi. Akaitia mfukoni.

Ijumaa hakuja saluni, nikala chakula cha jioni kwa hamu. Jumamosi akaja. Alikuwa amenyoa, amevaa tai, na nywele zina harufu. Alimsalimia Libérate, "Mama Libérate, habari za kazi," jina zima, kwa heshima, bila mzaha. Kisha akanigeukia.

"Habari za leo, Salvator."

Hakuna shikamoo. Nyinyi hamjui jinsi nilivyoitamani ile shikamoo.

Nikamvuta mpaka kwenye korido. "Tai hiyo ni ya nini?"

"Nikwambie ukweli, haki ya Mungu," akasema. "Mimi hapa nilikuwa nangoja simu. Watoto wangu mama yao alishafariki, nina mawazo yangu mengi, na mama huyu nilimwona mtu mwema, chai yake nzuri, basi. Sikuwa na fikira nyingine yoyote."

"Vizuri. Rudi kwenye kutokuwa na fikira."

"Lakini nilipopata nakala yako nikakaa nikafikiri. Mtu aliyeona bandari zote za dunia, akawapita wanawake wote wale, akaja akasimama hapa. Basi hapa kuna kitu! Nikamwangalia upya."

"Usimwangalie!"

"Wewe mwenyewe umenijulisha. Mtu hajulishwi jambo lisilomhusu." Akatoa karatasi ya bandarini, nyuma yake ameandika kwa kalamu, mwandiko mzuri wa karani. "Hii ni yako."

Ilianza: *Rejea barua yako Kumb. Na. 1/98. Nina heshima kupinga aya ya 2.*

Nina heshima kupinga! Yangu mwenyewe, nilimfundisha mwenyewe, kwa kikombe cha chai kisicho na kisosi. Nilikwenda Glenwood nikakaa mbele ya mashine mpaka wanafunzi wakagonga ukuta. Kumb. Na. 2/98 ilikuwa na aya kumi na moja.

Jumapili shati lilikuwa limepigwa pasi. Barua ilikuwa ndani ya mfuko wake. Sikumbuki mahubiri, nilikuwa natazama kisogo cha Respicius mistari mitatu mbele yangu, nikiona kinavyomtafuta Libérate upande wa akina mama. Tulipotoka kwa mlango wa pembeni, yeye alivuka barabara haraka, nikajua anataka kuzunguka afike getini kwa Libérate kabla yangu. Nikamkimbilia, nikamkamata penye robot, ndivyo Durban wanavyoita taa za barabarani, chini ya taa yenyewe.

"Pokea," nikasema.

Alisoma. "Aya ya nne ni uongo. Mimi sijawahi kusema wewe huna meno."

"Umeonyesha kwa vitendo. Kila siku shikamoo, shikamoo!"

"Ni adabu!"

"Na kwa nini unapinga aya ya pili na unanyamaza juu ya aya ya kwanza? Ukinyamaza umekubali."

"Nani kasema?"

"Ndivyo ilivyo ofisini."

"Ofisi gani? Ile ya mwamba?" Akacheka. "Salvator, wewe ulikuwa unabeba barua, hukuwa unaziandika."

Nikamshika tai. Si kwa nguvu, kiasi cha kuishika tu. Mama mmoja wa Kizulu aliyekuwa anachoma mahindi pale pembeni akatuelekezea koleo lake. "Hhayi, madoda! Siku ya Bwana!" Tukaachana, lakini hatukuacha kusoma. Tulikwenda aya kwa aya. Robot ikawa nyekundu, ikawa kijani, ikawa nyekundu, magari yanatupigia honi kwa kuwa mguu wangu mmoja ulikuwa barabarani. Kwenye aya ya tisa nilimshinda kabisa, nikainua macho kwa furaha kutazama kanisani.

Uwanja ulikuwa mtupu. Mlinzi alikuwa anafunga geti.

Cathy aliniambia baadaye. Libérate alisimama pale getini na kitenge kipya, cha manjano. Aliwaona wote wakitoka. Alituona na sisi, ng'ambo ya barabara, vichwa vimeinamia karatasi moja kama watoto wa shule. Alingoja. Watu wakamuuliza, unangoja nani, akasema, sijui tena. Halafu akasimamisha taxi ya kwenda Cato Manor, kwake, akaondoka.

Jumatatu nilifika mapema, benchi lilikuwa tayari lina joto. Respicius alikuwa amekaa mwisho mmoja. Nikakaa mwisho wa pili. Libérate alikuwa anasuka, hakugeuka.

"Mlisomeana vizuri jana?"

Respicius akapangusa kiatu kisicho na vumbi.

"Barua ya kwanza ilikuwa yangu, sindiyo? Ina jina langu juu. Nikasema, huyu mzee amezoea mambo ya ofisi, ameniwekea mwanaume mwingine chini ya barua ya ndoa, nitamsamehe. Sasa hiyo ya pili, nilipata nakala?"

"Ile nilikuwa namjibu mzee," Respicius akasema. Uzee wangu ulikuwa umerudi.

"Na ya tatu, yenye aya kumi na moja? Cathy ameonyeshwa na Respicius asubuhi, anasema ni nzuri sana. Mimi niko aya ya ngapi?"

Nilifikiri. Niliipitia yote kichwani, kutoka moja mpaka kumi na moja. Kulikuwa na shikamoo mle, kulikuwa na grisi ya mlango, kulikuwa na tai.

"Basi mimi ndiye minazi," Libérate akasema.

"Jibu lilikuwa nini?" nikauliza.

"Jibu lipi?"

"La Jumapili."

Sasa aligeuka. "Mwulize Respicius. Si ndiye unayejulishana naye?"

Nikamtazama Respicius. Alikuwa anatazama viatu vyake. Mtu mwingine angeona aibu usoni kwake, lakini mimi niliona kitu kingine: anajua. Amekwisha kuambiwa. Aliambiwa lini? Leo asubuhi, kabla sijafika, ndiyo maana benchi lilikuwa na joto!

"Cathy," Libérate akasema, "nishike upande huu. Nyinyi, inukeni."

Wakalibeba benchi mpaka korido, wakaliegemeza ukutani nje ya mlango. "Anayengoja simu, ikilia ataitwa," akasema. "Asiyengoja simu, korido ni ya watu wote." Akafunga mlango. Haukulia hata kidogo, kwa ile grisi.

Mchana Cathy alitoka kumwaga maji akanikuta niko peke yangu, Respicius amekwenda kazini. Akasimama na ndoo.

"Papa Salva, we uko mjinga. Nasema kwa heshima."

"Kwa nini?"

"Ijumaa mama alipitia dukani. Iko pale juu ya etajeri, rafu ya mafuta, bado imefungwa na gazeti. Kisosi. Kimoja tu."

Nilifikiri kidogo. "Cha nani?"

Cathy akaweka ndoo chini, akapiga makofi, akatazama dari ya korido. "Cha nani! Anauliza cha nani! Eish!"

Nimeuliza, na bado nauliza. Maana kisosi kimoja kilikuwapo, na kilikuwa cha Respicius. Cha pili kinaweza kuwa changu. Lakini pia kile cha kwanza kina ufa; nilikiona. Je, kama alimnunulia yule yule kingine?

Wiki hii mtu wa bandarini ameniambia kuna meli inatafuta mpishi, inakwenda Beira, Mombasa, na mbele zaidi. Miaka mingine nisingemaliza kumsikiliza, ningekuwa nimeshafunga mfuko. Lakini nikiondoka mimi, korido nzima inabaki kwa Respicius. Aondoke yeye kwanza. Nimemwambia hivyo. Yeye naye ana kaka Johannesburg anayemwita, kuna kazi nzuri, na haendi. Tuliwahi kumuuliza karani mmoja kule visiwani kwa nini Waingereza wako pale, mbali hivi, kwa minazi michache. Akasema, kwa sababu Wafaransa wako pale. Nilicheka sana siku hiyo.

Benchi lile miguu yake imeingia ndani. Mmoja akiinuka ghafla, wa mwisho wa pili anakwenda chini na benchi linamfuata. Kwa hiyo tunakaa. Ndani namsikia Libérate akicheka na wateja, simu inalia, inapokelewa, si ya Respicius. Akifika jioni kutoka kazini, naona viatu kwanza, mwisho wa korido.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa taratibu."